Nani Alikosa: Wa Kinga ama wa Kamiyo?



Mara hii hatusemi juu ya mawe yanayoanguka, wala juu ya baruti, wala juu ya vumbi la mwamba. Tunasema juu ya njia ya kurudi nyumbani. Mtu anaweza kumaliza saa nane chini ya ardhi bila mkwaruzo, akavua kofia yake ngumu kwenye mlango wa mgodi, akachukua kinga yake, na asifike kwake. Mjane wake hataulizia kama ajali ilikuwa ndani ya kazi ama nje ya kazi.

Tuchukue mfano. Usome polepole, kisha ujibu swali mwenyewe mbele ya kusoma jibu letu.

Ni saa kumi na mbili na nusu ya jioni, kwenye barabara ya Butembo kwenda Beni. Huku kwetu tuko karibu kabisa na ikweta, jua linatua karibu saa kumi na mbili kila siku ya mwaka, na giza halingoji mtu. Mvua imekatika sasa hivi, lami ingali na maji. Mfanyakazi mmoja ametoka kazini na gunia la makala nyuma ya kinga. Mzigo ni mzito, kwa hiyo ameshuka, anasukuma kwa miguu. Yuko kwenye lami, maana kando ya lami kuna matope. Hana taa, na koti lake ni jeusi. Nyuma yake inakuja kamiyo, mbio kilometa 60 kwa saa. Taa yake moja inawaka, ya pili ilikufa tangu juma lililopita. Mbele inakuja pikipiki yenye watu watatu, taa yake imeinuliwa juu, inampiga shoferi machoni. Shoferi anamwona mtu wa kinga akiwa amebakiwa na metre 25. Anakanyaga freni kwa nguvu zake zote.

Nani alikosa?

Ukiuliza wenye kinga watakuambia: shoferi alikimbiza, na gari lake ni bovu. Ukiuliza mashoferi watakuambia: wale wa kinga wanatembea gizani kama vivuli, wanataka tuwaone kwa macho gani? Tumesikia maneno haya mawili mara nyingi, na kila upande unasema kweli. Ndiyo sababu ubishi hauishi, na watu wanaendelea kuzikwa.

Sasa tufanye hesabu. Gari linalokwenda kilometa 60 kwa saa linapita karibu metre 17 katika sekunde moja. Na shoferi mzima, asiyelewa, anahitaji karibu sekunde moja kutoka pale jicho linapoona mpaka pale mguu unapofika kwenye freni. Kwa hiyo kamiyo yetu ilikwisha kula metre 17 wakati freni hazijaanza kazi. Zilibaki metre 8. Lakini kwenye lami yenye maji, kwa mbio ile, freni nzuri zenyewe zinahitaji metre 35 hivi kusimamisha gari; na kama kamiyo imejaa mizigo ama mipira yake imekwisha, ongeza tena. Mguu wa shoferi ulifanya kazi yake, lakini nafasi haikuwepo.

Rudia hesabu, na shoferi yule yule akiwa na kilometa 30 kwa saa. Kabla ya freni anapita metre 8 tu, na freni zinamaliza mbio katika metre 9 nyingine. Anasimama kwa metre 17. Mtu wa kinga anasikia kelele nyuma, anageuka, anatukana kidogo, anaendelea kwenda kwake na makala.

Rudia tena mara ya tatu. Sasa shoferi anakimbiza zile kilometa 60 zake, lakini kinga ina kile kioo chekundu cha nyuma kinachorudisha mwanga wa taa. Kitu kidogo, upana wa vidole vitatu. Kioo hicho kinaonekana katika taa za gari tangu metre 100 na zaidi. Shoferi anapunguza mbio bila haraka, anapisha pikipiki, anapita.

Umeona? Wale watu wawili, kila mmoja alikuwa na ufunguo mkononi. Hazikutakiwa funguo zote mbili. Mmoja tu ungetosha. Ajali ilitokea kwa sababu kila mmoja aliuacha ufunguo wake nyumbani, akitumaini wa mwenzake. (Na yule wa pikipiki aliyepofusha macho ya shoferi alifika kwake salama, wala hakujua hata kidogo kwamba naye alikuwamo katika kesi.)

Mfanyakazi wa mgodi hawezi kusema kwamba mafundisho haya ni mapya kwake. Ndani ya handaki, mwenye kusukuma wagoni anapiga kelele mbele ya kona, na mwenye kutembea kwa miguu anaingia kando ukutani. Hatujasikia hata siku moja msukuma wagoni akisema: mimi ni mzito, wanipishe wao. Wala mtembezi akisema: mimi nilikuwa na haki ya kupita. Kila mmoja anafanya sehemu yake kana kwamba mwenzake hatafanya ya kwake. Kwa nini akili hiyo tunaiacha kwenye mlango wa mgodi pamoja na kofia?

Lakini tuseme jambo moja waziwazi, mashoferi watuvumilie. Madaraka ni ya wote wawili, ila si sawasawa. Katika mfano wetu shoferi anatoka na taa iliyovunjika, na mwingine anatoka amekufa. Anayeendesha kitu kizito ndiye anayeweza kuua. Kwa hiyo ndiye anayetakiwa kupunguza kwanza. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu karibu milioni 1.19 waliokufa barabarani ulimwenguni katika mwaka 2021, na zaidi ya nusu ya wanaokufa hivyo ni watu wa miguu, wa kinga na wa pikipiki. Shirika hilo hilo linaonyesha kwamba mtu wa miguu akigongwa na gari la kilometa 65 kwa saa, hatari ya kufa ni mara nne na nusu kuliko akigongwa kwa kilometa 50. Tofauti ya kilometa 15 tu! Wewe unayeendesha unaweza kuipunguza kwa kuinua mguu.

Sheria nayo haikunyamaza. Mwaka 1977 nchi yetu, iliyoitwa Zaïre wakati ule, iliingia katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya barabara, na tarehe 30 Agosti 1978 ikatoka sheria nambari 78-022, ndiyo Kode ya barabara. Mkataba unaitaka kinga yenyewe iwe na freni inayoshika, kengele, kioo chekundu nyuma, na vyombo vya kutoa mwanga mweupe ama wa njano mbele na mwekundu nyuma. Wengi wanafikiri sheria ya barabara ni ya magari tu, kinga ni kitu cha maskini kisichoangaliwa. Sivyo. Kinga ni chombo cha barabara, na mwenye kuipanda ni mwendeshaji.

Sasa tutazame mambo ya kwetu, ambayo hayamo katika vitabu vya Ulaya.

La kwanza ni usukani wa kuume. Sisi tunapita kuume. Uganda wanapita kushoto. Magari mengi ya Beni na Butembo yameingia kwa mpaka wa Kasindi, na usukani wake uko upande wa kuume. Shoferi wa gari kama hilo anamwona vizuri mtu wa kinga aliye karibu na mfereji. Lakini akitaka kuipita kamiyo iliyo mbele, yeye amekaa upande wa mfereji: haoni kitu mpaka atoe karibu gari lote katikati ya barabara. Kwa hiyo wewe wa kinga unayekuja mbele, ukiona kamiyo inakuja na gari limejificha nyuma yake, usihesabu kwamba limekuona. Shuka kando mapema. Na wewe shoferi wa usukani wa kuume, kama huna mtu pembeni wa kukutazamia njia, usipite. Fika nyuma.

La pili ni barabara mpya. Juni 2021 marais wa Kongo na Uganda walizindua pale Mpondwe, kwenye mpaka, kazi ya barabara za kilometa 223: 80 za Kasindi mpaka Beni, 54 za Beni mpaka Butembo, na 89 za Bunagana mpaka Goma. Ni jambo jema. Lakini barabara mbaya ilikuwa polisi wetu bila mshahara. Mashimo yalipunguza mbio za kila mtu. Penye njia nzuri shoferi anasahau kwamba kinga ni zile zile, na watoto wanaoteka maji ni wale wale.

La tatu ni freni za kinga. Kinga zetu nyingi zina rimu za chuma. Rimu ya chuma ikilowa maji, mpira wa freni unateleza juu yake kama sabuni, na nguvu ya kushika inapungua sana. Milima yetu unaijua: Butembo iko juu sana, Beni iko chini yake kwa metre mia kadhaa. Mbele ya kuanza mteremko baada ya mvua, bonyeza freni kidogo kidogo ili mpira ufute maji. Ukiona haishiki, shuka utembee. Mzigo mzito unaongeza hatari maana ndio unaokusukuma wewe. Vijana wa chukudu wanajua: freni yao ni kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, wanakikanyaga kwa mguu. Kwa hiyo mwenye chukudu aliyejaza viazi hawezi kukusimamia ghafula hata akitaka. Wewe wa gari, usimkatie mbele kwenye mteremko. Hiyo ni dhambi.

La nne ni mama. Mama anayetoka shambani amebeba mzigo mgongoni, kamba iko kwenye paji la uso, shingo imeinama. Anaona ardhi na visigino vya mwenzake, basi. Hawezi kugeuza kichwa. Ukimpigia honi ya ghafula karibu na sikio atastuka, na huenda akastukia upande wa barabara. Piga honi mbali, kidogo, kisha upite mbali naye. Nanyi mama zetu, pale inapowezekana tembeeni upande wa kushoto wa barabara, ili magari ya upande huo yaje mbele ya uso wenu, yasiwatokee mgongoni. Watoto wa masomo vilevile. Ni kinga tu inayokwenda kuume pamoja na magari.

Kuna shoferi atakayetujibu: ninyi mnaandika tu, hamjui hofu ya njia. Tunaijua. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wamezika wengi mno, na mtu akipita sehemu fulani anakanyaga mafuta kwa sababu anaogopa msitu. Hatumcheki mtu kwa hofu hiyo. Tunamwomba jambo moja tu: akiona nyumba za kwanza za mtaa, akumbuke kwamba watu walio kandokando ya njia ni wale waliokimbia hatari ile ile.

Na ajali ikiisha kutokea? Hapa tunaumia moyo zaidi, maana majeruhi wengine wanauawa mara ya pili. Watu wanakusanyika, wanataka kumpiga shoferi na kuchoma pikipiki. Kwa hiyo shoferi, hata mwenye moyo mzuri, anakimbia. Anakimbia na gari ambalo lingempeleka mgonjwa hospitali. Sheria inamkataza kukimbia, lakini mawe ya watu yanamfukuza. Jirani, ukifika hapo, chukua nambari ya gari, kisha mwangalie aliyelala chini. Damu ikitoka kwa nguvu, bandika nguo safi na ukandamize kwa mkono bila kuachia. Usimwinue kwa mikono na miguu kama gunia. Kama mgongo umevunjika unaweza kumlemaza. Kichwa, shingo na mgongo vibaki mstari mmoja, watu wanne ama watano wamwinue pamoja juu ya mlango ama ubao. Usimpe maji wala pombe.

Tunamalizia na jambo la kiwandani. Zile koti za usalama zenye mistari inayong'aa, zikichakaa zinatupwa. Omba ruhusa kwa shefu wako, ukate mistari ile, mama aishone: mmoja nyuma ya kinga, mmoja kwenye mkoba wa mtoto wa masomo, mmoja kwenye kamba ya mzigo wa shamba. Hata kama imefifia, bado inarudisha mwanga kuliko koti jeusi. Na ukipanda pikipiki, vaa kofia ya pikipiki na uifunge kidevuni. Inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani inalinda usukani.

Maswali ya kuzungumza nyumbani, baba, mama na watoto pamoja:

Katika mfano wetu, yule wa pikipiki angefanya nini?

Kwa nini mtu wa miguu anapita kushoto, na mtu wa kinga anapita kuume?

Leo jioni, giza likiingia, mtoto mmoja asimame na kinga ya baba hatua hamsini kutoka mlangoni, na mwingine amulike taa ya mkono. Je, inaonekana?