Mtoto Mwenye Ulemavu: Tafuteni Msaada Mkiwa Wawili



Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo katika familia nyingi husemwa kwa kunong'ona tu. Mume na mke wafanye nini wanapogundua kwamba mtoto wao ana ulemavu? Waende wapi? Wamwone nani kwanza?

Katika nchi yetu msaada upo, lakini umetawanyika. Matibabu yako hospitalini, shule iko chini ya Wizara ya Elimu, kadi hutolewa na Baraza, na ruzuku hupitia ofisi ya ustawi wa jamii. Mama aliye peke yake, na mtoto mgongoni, huchoka kabla hajafika mlango wa tatu. Ndiyo sababu fundisho letu ni hili: msaada utafutwe na wote wawili. Kidole kimoja hakivunji chawa.

1. Acheni kulaumiana

Mara nyingi habari ikisikika, ukoo huanza kutafuta mwenye makosa. Upande wa mume husema, "Kwetu hakuna watoto wa namna hii." Mke huulizwa alikula nini, au alimkosea nani. Wengine hukimbilia kwa mganga na kuuza mbuzi ambaye angelipa nauli ya hospitali kwa miezi mingi.

Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza swali hilo hilo walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu aliwajibu kwamba si yeye wala si wazazi wake (Yohana sura ya 9). Madaktari nao wana maelezo yao. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kuumia au kutokua vizuri kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Huenda mtoto alikosa hewa, au aligeuka manjano kupita kiasi, au aliugua homa ya uti wa mgongo. Hali ya Down nayo hutokana na kromosomu moja ya ziada. Hakuna laana hapo, na hakuna sababu ya mume kumrudisha mke kwao.

2. Msikawie kwenda hospitali

Mficha maradhi kifo humuumbua. Katika mambo haya kila mwezi una thamani yake. Mtoto aliyezaliwa na miguu iliyopinda ndani akianza kufungwa plasta katika wiki zake za kwanza, miguu yake inaweza kunyooka bila upasuaji mkubwa. Plasta hubadilishwa kila wiki, kisha mtoto huvaa viatu maalum akilala kwa miaka kadhaa. Wazazi wakimficha nyumbani, atakua akitembea kwa ubavu wa miguu. Vivyo hivyo, mtoto asiyeshtuka anaposikia kelele apimwe masikio mapema, kwa maana asiposikia, hujifunza lugha kwa shida.

Mkifika kwa daktari, ulizeni maswali matatu: Hali hii inaitwaje? Tufanye nini sasa? Tumwone nani baada yako? Andikeni majibu, na kila karatasi muitunze katika faili moja. Faili hilo litawahitajika katika kila ofisi mtakayoingia.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akimwonyesha mama namna ya kumnyoosha mtoto na kumkalisha wakati wa kula, baba naye ajifunze. Tena hakikisheni kwamba familia nzima imeandikishwa katika Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024.

3. Shule ni haki ya mtoto

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinataja haki ya mtu mwenye ulemavu kuheshimiwa na kupata elimu. Kwa hiyo msikubali kuambiwa, "Huyu akae tu nyumbani."

Pa kuanzia ni kituo cha kupima mahitaji ya kielimu ya mtoto. Vituo hivi vilianzishwa nchini mwaka 1984, na ofisi ya elimu iliyo karibu nanyi itawaelekeza. Huko watawashauri kama mtoto anafaa kusoma na wenzake katika shule ya kawaida, katika darasa maalum ndani ya shule hiyo, au katika shule maalum. Taasisi ya Elimu Maalum (KISE) iliyoko Kasarani, Nairobi, hufundisha walimu wa kazi hii tangu mwaka 1986, nayo pia hupima watoto. Shule zenye sifa ya miaka mingi zipo: Thika kwa wasioona, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, St. Lucy's huko Igoji, Meru, nayo ya wasioona. Na shule za viziwi za Mumias na Nyang'oma.

Lakini neno moja la tahadhari. Shule ya bweni si mahali pa kumficha mtoto. Mpelekeni, mumtembelee, na likizo ikifika aje nyumbani kama ndugu zake. Mzazi wa mtoto kiziwi ajifunze lugha ya ishara, la sivyo mtoto atarudi na maneno mengi asipate wa kumwambia.

4. Kadi na ruzuku

Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na sheria mpya ilipitishwa mwaka 2025. Mtoto hupimwa kwanza katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha taarifa ya madaktari hutumiwa kumwandikisha kwenye Baraza. Wasiojua kutumia mtandao wa serikali waende ofisi ya Baraza katika kaunti yao wasaidiwe.

Mwenye kuandikishwa anaweza kuomba vifaa kama kiti cha magurudumu, fimbo nyeupe au kifaa cha kusikilizia, na pia msaada wa karo. Akiwa mtu mzima na kupata kazi, anaweza kuomba kusamehewa kodi ya mapato kwa kiasi kilichowekwa na sheria.

Familia inayomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa inaweza pia kuomba ruzuku ya Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Si kila anayeomba huipata, kwa hiyo muulizeni chifu na ofisa wa ustawi wa jamii ni lini majina yanaandikwa. Na yeyote anayewaomba "kitu kidogo" ili aharakishe jambo, msimpe.

Kabla fedha hizo hazijafika, kaeni chini mpatane. Shilingi 2,000 si nyingi, lakini zimeleta ugomvi katika nyumba nyingine. Ni za mtoto: za nepi, dawa, nauli na chakula chake. Si za deni la baba, wala si za chama cha mama.

5. Msijifungie nyumbani

Huko Nyahururu, tangu miaka ya 1990, shirika la Kikatoliki la St. Martin limefundisha watu wa kujitolea vijijini kuwatembelea watoto wenye ulemavu na wazazi wao. Wito wao ni kwamba mtu husaidiwa kupitia jamii yake. Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo (APDK), kilichoanza mwaka 1958, hutengeneza viti vya magurudumu na kutoa huduma za viungo. Ulizeni parokiani na hospitalini kama kuna kikundi cha wazazi karibu nanyi. Mzazi aliyetangulia anajua ofisi ipi hufunguliwa siku gani, na daktari yupi huwa na subira.

Na ninyi ambao hamna mtoto wa namna hii, jumuiya ndogo ndogo ni yenu pia. Kumshikia jirani mtoto kwa saa mbili, ili yeye na mumewe wapumzike au waende Misa pamoja, ni msaada mkubwa kuliko maneno ya kumhurumia.

6. Gawaneni kazi

Chukueni mfano wa baba afanyaye kazi mjini na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mama hupanda matatu mbili kila Jumanne kwenda kliniki. Baba akirudi huuliza, "Mbona bado hatembei?" Swali hilo humwumiza mama kuliko safari zote nne za mwezi huo.

Baba huyu ana nafasi nzuri ya kusaidia. Kwa kuwa yuko mjini, ni rahisi kwake kuingia ofisi ya Baraza, kupiga simu kwa ofisa wa elimu, na kutuma nauli Jumatatu jioni. Angalau mara chache kwa mwaka aombe ruhusa kazini aende kliniki mwenyewe, asikie kwa masikio yake. Tena awaambie ndugu zake wazi, "Huyu ni mtoto wangu." Maneno hayo manne yamemwokoa mke zaidi ya mmoja.

Msiwasahau watoto wengine. Dada mkubwa asigeuzwe yaya mpaka masomo yake yakaharibika, na kila mtoto apewe muda wake. Siku ya arusi mliahidiana kuwa pamoja katika taabu na raha. Taabu hii haikutajwa kwa jina siku ile, lakini ilikuwamo.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani

1. Kati yetu, nani anabeba mzigo zaidi wa mtoto wetu, na mwenzake amchukulie kazi gani kuanzia wiki hii?
2. Faili la mtoto lina karatasi zote? Ni ofisi gani bado hatujafika?
3. Kama hatuna mtoto mwenye ulemavu, ni familia gani katika jumuiya yetu hatujaitembelea, na tutakwenda lini?