Kesi yangu imefika wapi?

Swali: Niliibiwa pikipiki, nikaandikisha ripoti kituoni, mshukiwa akakamatwa. Tangu hapo kimya. Nikipiga simu naambiwa, “Ngoja tutakuita.” Je, nina haki ya kujua kinachoendelea?
Msomaji, Thika

Jibu: Unayo, ndugu yangu, na si hisani ya mtu. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inampa mwathiriwa haki ya kupewa habari za kesi yake na kutoa maoni yake.

Shida ni kwamba habari hazikufuati nyumbani. Nambari ya OB (kitabu cha matukio) uliyopewa ni ya kituo tu. Mshukiwa akishafikishwa kortini, faili hupata nambari nyingine, ya kesi. Hiyo ndiyo ya kumdai afisa mpelelezi, pamoja na jina la mahakama. Ukiwa nayo, nenda kwenye masijala ya mahakama uulize tarehe ijayo, na kama ni ya kutajwa au kusikilizwa. Kutajwa huisha kwa dakika chache. Siku ya kusikilizwa usikose, kwa maana shahidi asipofika kesi hudhoofika.

Ukiambiwa mashtaka yameondolewa, uliza kwa kifungu gani. Yakiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kabla ya mshtakiwa kujitetea, anaweza kushtakiwa tena kwa kosa lilo hilo.

Mpelelezi akikuzungusha, mwone OCS, mkuu wa kituo. Huyo naye akikukwepa, andika barua kwa ofisi ya kiongozi wa mashtaka, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.