Somo la Muziki: Johann Sebastian Bach, Mwalimu wa Kuimba



Mara nyingi tunasikia wenzetu wakisema: "Fulani anajua muziki kwa kuwa alizaliwa nao. Mimi sina kipawa, basi." Katika somo hili tutaangalia maisha ya mtu mmoja wa Ujerumani, ili tuone kama neno hilo ni kweli.

1. Utoto wake

Bach alizaliwa mwaka 1685 katika mji wa Eisenach. Jamaa yake walikuwa wapiga muziki tangu mababu. Kwa hiyo ni kweli, alizaliwa ndani ya muziki. Lakini mama yake alikufa mwaka 1694, na baba yake akamfuata mwaka 1695, mtoto hajatimiza hata miaka 10. Kaka yake mkubwa, mpiga kinanda wa kanisa kule Ohrdruf, akamupokea.

Kaka huyo alikuwa na kitabu cha nyimbo za kinanda za mafundi wakubwa, lakini alikataza mdogo wake asikiguse. Habari iliyoandikwa kisha kufa kwa Bach inasema kwamba mtoto alikitoa kabatini usiku kwa siri, akanakili kwa mwangaza wa mwezi, maana hakuwa na taa. Kazi ile ilichukua miezi 6. Kaka alipogundua, akamunyanganya nakala yote. Hatusomi habari hii tujifunze kugusa vitu vya wakubwa, hapana! Tunaisoma tuone njaa yake ya kujifunza.

2. Masomo yake

Mwaka 1700 alisafiri mpaka Lüneburg, mbali kupita kilometa 300. Sababu gani? Masomo ya kule yalipokea watoto maskini wenye sauti nzuri: wanaimba kanisani, nao wanapata chakula na mafundisho. Tunaweza kusema, sauti yake ndiyo iliyolipa minervali. Kisha muda mfupi sauti ya kitoto ikavunjika, lakini hakuacha muziki.

Mwaka 1705, alipokuwa mpiga kinanda kule Arnstadt, aliomba ruhusa ya juma 4. Akatembea kwa miguu kama kilometa 400 mpaka Lübeck, kumusikiliza fundi Buxtehude. Akakaa karibu miezi 4! Aliporudi, wakubwa wa kanisa walimwita na kumukaripia.

3. Kazi na taabu zake

Kule Weimar, mwaka 1717, aliomba kuacha kazi kwa nguvu, na mtawala akamutia gerezani karibu juma 4. Mwaka 1720 alirudi kutoka safari, akakuta mke wake Maria Barbara amekwisha kuzikwa. Mwaka 1721 alioa Anna Magdalena, mwimbaji. Kwa wake hao wawili alizaa watoto 20, na 10 tu ndio waliokua.

Mwaka 1723 akaingia Leipzig, awe mwalimu wa kuimba katika masomo ya Mtakatifu Tomaso. Wakubwa wa mji walikuwa wametaka kwanza Telemann, halafu Graupner. Hao walipokosekana ndipo wakamupokea yeye. Miaka ya kwanza aliandika kantata mpya karibu kila juma, kwa ajili ya siku ya Mungu. Stensili haikuwako: wanafunzi na watu wa nyumba yake walinakili kwa mkono sauti moja moja, kisha wakafanya mazoezi, kisha wakaimba. Kantata zake za kanisa zilizobaki ni kama 200.

Je, waimbaji wote walikuwa hodari? Mwaka 1730 aliandikia wakubwa wa mji hesabu yake: kati ya wanafunzi 54, 17 wanafaa, 20 hawajafaa bado, na 17 hawawezi. Nyimbo ambazo dunia inasifu ziliimbwa kwanza na watoto wa masomo sawasawa na sisi! Na mara nyingi mwisho wa kurasa zake aliandika S.D.G., maana yake: kwa Mungu peke yake utukufu.

4. Mwisho wake

Macho yake yaliharibika. Mwaka 1750 munganga wa Uingereza alimupasua mara mbili, asipone. Akafa tarehe 28 Julai 1750, na kaburi lake halikuwekwa jiwe lenye jina. Nyimbo zake chache tu zilikuwa zimepigwa chapa. Lakini mwaka 1829, kule Berlin, kijana Mendelssohn mwenye miaka 20 aliimbisha ule wimbo mkubwa wa Mateso kwa Matayo, na watu wakaanza kumujua tena.

Albert Schweitzer, munganga wa Lambaréné kule Gabon, aliandika kitabu juu ya Bach mwaka 1905. Alipiga nyimbo za Bach kwa kinanda fasi nyingi za Ulaya, apate feza ya hospitali yake. Ndivyo nyimbo za yule yatima zilivyosaidia wagonjwa wa Afrika.

5. Tufikiri

Kipawa alikuwa nacho. Lakini ndugu zake wengi walikuwa nacho vilevile. Yeye aliongeza kunakili, kutembea, kurudilia. Katika kwaya yetu tuna wale 17 hodari, na wale 17 wengine pia. Lakini tuangalie sana wale 20: neno lao si "hawawezi", ni "bado".

Maulizo

1. Bach alipataje kusoma bila wazazi?
2. Kwa nini alitembea mpaka Lübeck? Alikosa neno gani mbele ya wakubwa wake?
3. Kama hakuna aliyesifu kazi yako leo, je, ni kazi bure? Eleza.
4. Wewe ni katika hesabu gani: 17, 20, au 17? Utafanya nini muhula huu?