Kusanidi Milango Mingi ya Swichi kwa Pamoja: Somo kwa Maofisa TEHAMA

Mwananchi anapofika katika ofisi ya halmashauri kuomba kumbukumbu namba ya malipo ya leseni ya biashara, ombi lake hutoka katika kompyuta ya karani, hupita katika kebo na kuingia kwenye swichi, ambayo ndiyo njiapanda ya mtandao wa jengo zima. Mlango mmoja wa swichi hiyo ukisanidiwa vibaya, karani mmoja hukwama. Milango yote ikisanidiwa vibaya kwa mkupuo mmoja, foleni nzima husimama. Somo hili linaeleza namna ya kusanidi milango mingi kwa pamoja bila kuhatarisha huduma.

Faida yake

Swichi nyingi za maofisini huwa na milango 24 au 48. Kila mlango huhitaji kuelezwa mambo kadhaa: aina ya kazi yake, mtandao pepe unaoutumikia, yaani VLAN, na namna ya kuanza kazi kifaa kinapochomekwa. Kama kila mlango una mistari 4 ya amri, milango 24 itahitaji mistari 96. Atakayeiandika yote kwa mkono atachoka, na mlango atakaousahau utabaki katika VLAN 1, ambamo milango ya swichi za Cisco huwamo tangu kiwandani. Basi faida kubwa ya kusanidi kwa pamoja si kuokoa muda tu, bali ni kuhakikisha kwamba milango yenye kazi moja ina usanidi mmoja.

Ramani kabla ya amri

Kabla ya kugusa swichi, ofisa aandike ramani ya milango. Kwa mfano, katika swichi ya milango 24, mlango wa 1 hadi wa 8 ni ya Idara ya Fedha, VLAN 10. Wa 9 hadi wa 16 ni ya masjala, VLAN 20. Wa 17 hadi wa 22 ni ya kamera za ulinzi, VLAN 30. Wa 23 hautumiki. Na wa 24 ni mlango mkuu unaoiunganisha swichi na ruta. Mlango mkuu hubeba mawasiliano ya VLAN zote, hivyo usanidi wake ni tofauti na wa milango mingine.

Amri zenyewe

Katika swichi za Cisco, ofisa akishaingia katika hali ya usanidi, milango ya Fedha husanidiwa hivi:

interface range gigabitEthernet 0/1 - 8
switchport mode access
switchport access vlan 10
spanning-tree portfast

Mstari wa kwanza huichagua milango. Wa pili huitangaza kuwa milango ya vifaa vya watumiaji. Wa tatu huiweka katika VLAN 10. Wa nne huiwezesha kompyuta kupata mtandao mara moja, badala ya kungoja takriban sekunde 30. Mstari huo wa mwisho usitumike katika mlango unaoelekea swichi nyingine, kwani waweza kusababisha mzunguko wa mawasiliano utakaoulemea mtandao mzima. Mlango usiotumika hufungwa kwa amri ya shutdown.

Hatari yake

Amri ya pamoja ni kama muhuri wa ofisi: ukichongwa vibaya, kila barua itabeba kosa lilelile. Ofisa akiandika 0/1 - 24 badala ya 0/1 - 8, mlango mkuu nao utageuzwa kuwa mlango wa VLAN 10. Masjala na kamera zitakatika papo hapo. Ikiwa ofisa anafanya kazi hiyo kwa mbali, kwa mfano akiwa makao makuu huku swichi ikiwa katika kituo cha afya, anaweza kujifungia nje na kulazimika kusafiri, ilhali wagonjwa wanasubiri mfumo urejee.

Hatua za tahadhari

Kwanza, kazi ifanyike baada ya saa za huduma, na wahusika wa kituo waarifiwe.

Pili, usanidi unaofanya kazi uhifadhiwe kwa amri ya copy running-config startup-config.

Tatu, kabla ya badiliko lolote iandikwe amri ya reload in 10. Mawasiliano yakikatika, swichi itajiwasha upya baada ya dakika 10 na kurudia usanidi uliohifadhiwa.

Nne, badiliko lijaribiwe kwanza katika milango miwili, kisha lipelekwe katika milango iliyobaki.

Tano, matokeo yakaguliwe kwa amri ya show vlan brief, na mtumishi mmoja wa kila idara athibitishe kwamba mfumo anaoutumia unafunguka.

Sita, yote yakiwa sawa, kuwashwa upya kusitishwe kwa reload cancel, ndipo usanidi mpya uhifadhiwe. Ukihifadhiwa kabla ya kukaguliwa, kinga ya hatua ya tatu itakuwa imepotea, kwani swichi itakapowaka itarudi na kosa lilelile.

Hatimaye, ramani ya milango isahihishwe, iandikwe tarehe, na nakala yake ibandikwe ndani ya kabati la swichi. Ofisa atakayehamia kituoni baadaye ataijua milango yote kabla ya kuandika amri yake ya kwanza.