Sebule Yetu: Krimu au Kijani?



Mwezi huu tuzungumzie jambo linaloonekana dogo. Mume amepokea mshahara, akapitia dukani, akarudi na mikebe miwili ya rangi ya kijani kilichokoza. Mke alikuwa amesema krimu tangu Krismasi. Mikebe imekaa uani majuma matatu bila kufunguliwa, na baba na mama wanasemezana kupitia watoto.

Tuanze na rangi zenyewe. Krimu hurudisha mwanga. Chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani huonekana kipana, na taa haiwashwi mapema. Ubaya wake ni viganja vya watoto na vumbi; kufuta hakuishi. Kijani kilichokoza humeza mwanga na kukifanya chumba kionekane kidogo, lakini huficha uchafu, na jioni chini ya balbu huleta utulivu.

Sasa angalieni: mke hushinda humo mchana akishona, mume huiona sebule saa mbili usiku. Kila mmoja anasema kweli juu ya chumba anachokijua. Basi pakeni kila rangi kipande cha ukuta, upana wa gazeti, mkitazame pamoja asubuhi na usiku. Ngojeni ikauke kwanza, maana rangi mbichi hudanganya macho. Wengine huishia kwa desturi ya shule zetu: chini, hadi kimo cha kiuno, rangi ya mafuta iliyokoza, inayofutika kwa kitambaa na sabuni, juu, rangi ya maji ya krimu. (Akina mama wengine husema inafanana na zahanati!)

Lakini kidonda hasa si kijani. Ni kwamba aliamua peke yake, kwa kuwa mshahara ni wake. Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alitaja maneno matatu ya kutumiwa nyumbani: naomba, asante, samahani. Bwana huyu aliruka la kwanza, sasa anadaiwa la tatu. Mama naye asijione hana deni: kununa majuma matatu ni kuamua peke yako pia.

Maswali ya kujadiliana, watoto wakiisha kulala:

Ni kitu gani nyumbani mwetu kilichoamuliwa na mmoja tu?

Anayekitumia zaidi ni nani, na je, aliulizwa?