Vyama vya Walei na Siri: Mambo Yawapasayo Wazazi Kuyajua

Liko swali ambalo mapadre wetu huulizwa mara kwa mara, wala si swali dogo. Mama asema: Mwanangu yuko chuoni. Huko amealikwa na watu wema katika mikutano ya sala na mafundisho. Amerudi likizo akiwa mchaji kuliko alivyoondoka. Misa haimpiti hata siku moja. Lakini nimwulizapo watu hao ni nani, na kama amewaahidi jambo lolote, hunyamaza, au hunijibu kwamba ameshauriwa asiyaseme kwanza nyumbani. Je, nifurahi au niogope?

Kabla ya kumjibu mama huyu, na tuiondoe hofu isiyo na sababu. Walei wanayo haki ya kuunda vyama na kuviendesha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka hivyo mwaka 1965 katika hati yake juu ya Utume wa Walei, na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 ikaiandika haki hiyo katika kanuni ya 215. Kijana aliyepata rafiki wa kusali naye amepata neema, na mzazi asiyependezwa na jambo hilo yafaa ajichunguze yeye kwanza. Wala si kila lililofichwa ni ovu. Padre hufunga kinywa chake juu ya maungamo hata kufa. Walejio wa Bikira Maria, ambao Edel Quinn aliyefika Nairobi mwaka 1936 aliwaeneza katika Afrika Mashariki mpaka kufa kwake mwaka 1944, hawatangazi shida walizozikuta nyumbani kwa mgonjwa, au kwa watu ambao ndoa yao imeharibika. Lakini chama chenyewe kinajulikana: siku ya mkutano yajulikana, kumbukumbu husomwa mbele ya wote, na padre mlezi yupo. Hiyo ni siri ya mapendo, nayo humhifadhi jirani. Siri ya namna nyingine ni ile ikihifadhiyo chama chenyewe, hata wazazi wasijue, paroko asijue, na pengine askofu naye asijue. Ni hiyo ya pili tunayotaka kuitazama leo.

Mfano unaofundisha zaidi ni ule wa Opus Dei, maana yake Kazi ya Mungu, kwa kuwa mambo yake yamechunguzwa kwa miaka mingi na wakuu wa Kanisa wenyewe wameyatolea maagizo. Ilianzishwa Madrid, huko Hispania, tarehe 2 Oktoba 1928, na Padre Josemaría Escrivá. Fundisho lake lilikuwa kwamba karani, fundi, mwalimu na mama wa nyumbani waweza kufikia utakatifu katika kazi yao ile ile ya kila siku, pasipo kuingia utawani. Leo sote twaliona hilo kuwa jambo la kawaida. Siku zile wengi walilistaajabia. Wanachama wake ni wapatao 90,000 duniani kote, na walio wengi wana ndoa zao na watoto wao. Wengine hukaa useja, huishi pamoja katika nyumba za chama, nao hutoa mishahara yao kwa ajili ya kazi hiyo. Ilifika Kenya mwaka 1958, na mwaka 1961 Chuo cha Strathmore kikafunguliwa Nairobi, kikipokea wanafunzi wa rangi zote wakati ambapo shule za nchi ile zilikuwa zimetengwa kwa rangi. Padre Escrivá alitangazwa Mtakatifu mwaka 2002. Basi msomaji asidhani kwamba twasema habari za wazushi.

Hata hivyo lawama ya usiri iliifuata tangu mapema, wala haikutoka kwa maadui wa dini peke yao. Katiba yake ya mwaka 1950 iliwataka wanachama wanyamaze juu ya majina ya wenzao, na mtu asijitambulishe kuwa mwanachama bila ruhusa ya mkuu wake. Waliotetea desturi hiyo walisema kwamba ni unyenyekevu: mlei hapaswi kujivunia chama chake, wala hataki watu wamdhanie kuwa mtawa aliyevua kanzu. Sababu hiyo si mbaya. Lakini jirani hawezi kuuona unyenyekevu uliomo moyoni. Huona tu mlango uliofungwa, na mbele ya mlango uliofungwa kila mtu huwaza lake. Papa Yohane Paulo II alipoipa Opus Dei hali mpya mwaka 1982, sheria zake zikabadilika, na kwa sheria hizo askofu akitaka huambiwa majina ya mapadre na ya wasimamizi wa nyumba zilizomo jimboni mwake. Mwaka 1986 jambo hili lilifika mpaka Bunge la Italia, na Waziri wa Mambo ya Ndani, Oscar Luigi Scalfaro, akajibu kwamba Opus Dei si chama cha siri kwa sheria za nchi ile.

Lakini sheria ya nchi ni kipimo kimoja tu. Dhamiri ya jamaa ya Kikristu ina kipimo chake. Hapo ndipo tunapomkuta Kardinali Basil Hume, Askofu Mkuu wa Westminster katika Uingereza. Alikuwa Mbenediktini, na kabla ya kuitwa kuwa askofu mwaka 1976 alikuwa Abate wa Ampleforth, monasteri yenye shule kubwa ya wavulana. Alijua vema jinsi moyo wa kijana wa miaka kumi na sita uwakavyo upesi kwa mambo matakatifu, na jinsi ulivyo mwepesi kuongozwa. Mwaka 1981 magazeti ya London yalichapa malalamiko ya watu waliotoka Opus Dei, na wazazi nao walikuwa na wasiwasi. Kardinali alichunguza, na mwezi Desemba mwaka ule akatoa maagizo manne kwa jimbo lake. Alisema wazi kwamba hakusudii kuwatia doa wanachama wala kushuku bidii yao. Alitaka kutuliza wasiwasi wa watu na kuimarisha mwenendo mwema.

Agizo la kwanza: asiwepo mtu wa chini ya miaka 18 atakayeruhusiwa kuweka nadhiri au kujifunga kwa muda mrefu. Hilo halihitaji maneno mengi, kwa kuwa Kanisa lenyewe haliruhusu mtawa aweke nadhiri zake za kwanza kabla ya umri huo. La pili ndilo liwagusalo wasomaji wetu zaidi: kijana atakaye kujiunga azungumze kwanza na wazazi wake au walezi wake, na kama iko sababu ya haki ya kutowaambia, sababu hiyo ipelekwe kwa askofu au kwa mjumbe wake.

Wako watakaopinga. Je, watakatifu wangapi walipata wito wao juu ya machozi ya wazazi? Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikamatwa na ndugu zake mwenyewe, akafungiwa katika ngome ya jamaa muda upatao mwaka mmoja, kwa sababu alitaka kuwa Mdominiko. Mtakatifu Stanislaus Kostka alitoroka Vienna kwa miguu mwaka 1567, kwa kuwa baba yake hangemruhusu kuwa Myesuiti. Ni kweli, na hata kwetu wako wazazi wanaomkatalia binti yao utawa kwa kuhesabu mahari watakayoikosa. Mzazi si mwenye wito. Lakini angalieni vema habari hizo. Jamaa ya Tomaso walijua kabisa amejiunga na nani, na ndiyo maana waliwaka hasira. Wadominiko walionekana barabarani na makanzu yao meupe. Wayesuiti walikuwa na nyumba zijulikanazo na wakuu wajulikanao. Tena Mtakatifu Fransisko wa Assisi, alipomrudishia baba yake hata nguo za mwilini, alifanya hivyo mbele ya askofu. Mzazi aweza kukataa, na kijana aliyekomaa aweza kushika njia yake. Hayo ni mapambano ya haki, kila mmoja amwona mwenzake. Lakini kijana anapofundishwa kuwaficha baba na mama yake, mapambano hayo hayapo tena. Amenyang'anywa watu wamjuao tangu utoto, ambao pengine wangemwambia: mwanangu, hii ni huzuni ya kufiwa na rafiki, si wito bado, ngoja mwaka mmoja.

Agizo la tatu lilihusu uhuru: mtu awe huru kuingia na kutoka pasipo kusukumwa, tena awe huru wakati wowote kumchagua mwongozi wa roho yake, akiwa mwanachama au asipokuwa. Wengine huona kwamba hili la mwongozi ni dogo. Sivyo. Kama mtu asikilizaye siri za moyo wako ndiye huyo huyo anayekutawala, na ambaye chama chake kitapungukiwa ukiondoka, utamwelezaje shaka zako? Kwa ajili ya watawa, kanuni ya 630 yawakataza wakuu kuwashurutisha watu wao kwa njia yoyote wawafunulie dhamiri zao. Na kanuni ya 219 yamlinda kila Mkristu asilazimishwe katika kuchagua hali ya maisha. Kijana aambiwaye kwamba akitoka atapotea milele hajaachiwa uhuru huo, hata kama mlango haukupigwa kufuli.

La nne lilikuwa fupi: kazi zote za chama jimboni zionyeshe waziwazi ni nani azianzishaye na azisimamiaye. Kama ni hosteli ya wanafunzi, mwenye kuleta mtoto ajue ni hosteli ya nani.

Kwamba mambo haya si ya Uingereza peke yake tuliona mwaka 2021, wakati wanawake zaidi ya arobaini wa Amerika ya Kusini walipopeleka mashtaka Roma. Walidai kwamba walichukuliwa wakiwa wasichana wa jamaa maskini kwa ahadi ya masomo, kisha wakafanya kazi za nyumbani miaka mingi bila ujira wa haki. Opus Dei imekana mashtaka hayo, nasi si mahakimu. Mwaka 2022 Papa Fransisko aliiweka chini ya Idara ya Wakleri na kuagiza sheria zake zitengenezwe tena. Lakini mzazi wa kwetu ambaye binti yake ameahidiwa shule ya mapishi mjini, na watu wa chama chochote kile, hahitaji kungoja hukumu ya Roma ili aulize nani atalipa, kiasi gani, kwa mkataba gani, na kama mtoto ataweza kurudi nyumbani akitaka.

Basi, mama, usimkataze mwanao kusali. Mshukuru Mungu kwa Misa yake ya kila siku, kisha mwambie kwa upole kwamba ungependa kuwajua rafiki zake. Waalike nyumbani wale chakula, au funga safari uende kwao. Uliza jina la chama, jina la mkuu wake na la padre wake. Uliza kama mwanao ametia sahihi au ametamka ahadi, na alikuwa na umri gani. Watu wa chama chema watafurahi kukukaribisha, nao watakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Wakikuzungusha, nenda kwa paroko wako, na paroko asipowajua, andika kwa ofisi ya askofu wa jimbo lile chuo kilipo. Kanuni ya 305 yamwagiza askofu avisimamie vyama vya waamini vilivyomo jimboni mwake, na barua ya mama ni sehemu ya usimamizi huo. Iandike kwa jina lako kamili, weka tarehe, na nakala yake ubaki nayo.