Dondoo Muhimu: Umra na Hija ukiwa na kisukari aina ya kwanza

Insulini isiachane nawe. Ipakie kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye sanduku linalowekwa tumboni mwa ndege: huko inaweza kuganda, na iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Beba mara mbili ya mahitaji yako, sehemu akae nayo mwenzako wa safari, na barua ya daktari inayotaja sindano.

Saa za Makka ni sawa na za Dar es Salaam na Nairobi, basi ratiba ya sindano haibadiliki. Adui ni joto. Kiangazi hupita nyuzi 40. Tumia mfuko wa kupoza, ila chupa isigusane na barafu.

Sai peke yake ni takriban kilomita 3, na sukari hushuka ghafla. Pima kabla ya kuanza. Tende zinafaa, lakini pakiti ndogo ya juisi hupandisha sukari haraka zaidi; iwe mfukoni, si hotelini! Mashine ya huko hutumia kipimo tofauti (mg/dL), basi ikisoma 180 usishtuke: gawa kwa 18, ni 10 yako ya nyumbani (mmol/L).

Usiku, kagua nyayo.